Mikopo ya Simu: Ada, Riba na Heshima ya Muislamu



Himidi zote ni za Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Swahaba zake.

Ndugu zetu wengi wa Unguja na Pemba wamewahi kupokea ujumbe wa namna hii: nambari usiyoijua inakwambia kwamba fulani, ambaye ni jirani yako, shemeji yako au mwalimu wa mtoto wako, amekopa pesa na hataki kulipa, na kwamba wewe umeandikwa kuwa mdhamini wake. Hukumdhamini mtu. Hata hukujua kama amekopa. Lakini jina lake limeshachafuka kwenye simu yako, na kwenye simu za watu wengine ambao nambari zao amezihifadhi.

Maswali kuhusu mikopo hii yanatufikia. Wapo wanaouliza kama ni halali, na wapo walioshakopa wanaouliza watoke vipi. Tumeona tulizungumze jambo lenyewe kwa ukamilifu, kwa sababu ndani yake kuna dhulma zaidi ya moja, na si zote zinazotoka kwa mkopeshaji.

Kwanza tufahamu linavyokwenda. Mtu anapakua programu kwenye simu, anajaza jina na nambari ya kitambulisho, kisha programu inamuomba ruhusa ya kusoma orodha ya watu wake. Akibonyeza kukubali, pesa zinaingia kwa muda mfupi. Hakuna dhamana ya nyumba wala shamba. Dhamana ni ile orodha ya watu, yaani heshima yake mbele yao. Siku ya kulipa ikipita, ndipo ujumbe unapoanza kusambazwa.

Mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilipiga marufuku majukwaa na programu 69 za mikopo ya kidijitali zilizokuwa zikifanya kazi bila ya leseni. Benki Kuu ilikuwa imeshatoa mwongozo mwaka huo huo kuhusu uwazi wa gharama, namna ya kudai madeni na kulinda siri za wateja. Hatua hiyo ilikuwa njema na tunaishukuru. Hata hivyo tusichanganye mambo mawili. Leseni inatwambia kwamba mkopeshaji anajulikana na serikali. Haitwambii kwamba mkopo wake hauna riba. Huo ni uchunguzi wetu sisi, kila mmoja kwa dini yake.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mama anaomba shilingi 100,000. Programu inakata 20,000 mwanzoni kwa jina la ada, anapokea 80,000, na baada ya siku 14 anatakiwa arejeshe 100,000. Atadhani amelipia asilimia 20, lakini pesa aliyoitumia ni 80,000, kwa hiyo amelipa asilimia 25 kwa wiki mbili. Akiwa kila wiki mbili analipa na kukopa tena, kwa mwaka mara 26, atakuwa ametoa 520,000 kwa ajili ya kutumia 80,000 ile ile. Tajiri anayekopa benki kwa hati ya nyumba hatozwi hivyo. Anayetozwa ni muuza maandazi. Hapa ndipo ilipo dhulma ya kwanza: mwenye uwezo mdogo ndiye anayelipa zaidi.

Wapo wanaosema hiyo si riba, ni ada ya huduma. Tuwajibu kwa insafu, maana ada ya kweli ipo. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa, katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, iliruhusu mkopeshaji kutoza gharama halisi za kuuhudumia mkopo, na ikaeleza kwamba kinachozidi gharama hizo ni riba. Basi kipimo kipo wazi. Ada inayopanda kila kiasi cha mkopo kinapopanda, au inayoongezeka kila siku zinavyoongezeka, haina sura ya gharama. Kuingiza shilingi 50,000 na kuingiza 500,000 ni kazi moja ya mashine. Hali kadhalika faini ya kuchelewa. Majmaa hiyo hiyo, katika kikao cha Jeddah mwaka 1990, ilisema haijuzu kumshurutishia mdaiwa ziada kwa kuchelewa kulipa. Ziada ya namna hiyo ndiyo iliyokuwa ada ya watu wa Jahiliya. Qur'ani, katika Suratul Baqara aya ya 280, imeelekeza kinyume chake: mdaiwa mwenye dhiki angojwe mpaka apate wasaa, na kumsamehe ni bora zaidi.

Dhulma ya pili ni ya kuvunja heshima. Suratul Hujurat aya ya 12 imekataza kupelelezana na kusengenyana. Mkopaji hata akiridhia orodha yake isomwe, nambari zile si mali yake peke yake. Nyingine ni za wake za watu, za wazee, za watu wasiohusika kabisa na deni. Ridhaa ya mtu mmoja haiwi ridhaa ya watu 300. Na sisi tunaopokea ujumbe huo tuna wajibu wetu. Tuufute na tusiupeleke kwenye kundi la familia au la mtaa. Anayeusambaza anamfanyia mkopeshaji kazi yake bila ya malipo, na anabeba dhambi ya kumfedhehesha nduguye.

Sasa tujitazame na sisi. Kwa nini mtu anakwenda kukopa kwa mashine isiyomjua? Mara nyingi ni kwa ada ya skuli, dawa ya mgonjwa, au siku za kusi ambapo ngalawa hazitoki. Lakini wengine wamefikishwa huko na Waislamu wenzao. Mwenye duka anayemwambia kijana wake kila mwisho wa mwezi "subiri kidogo" huku biashara inakwenda, anamsukuma kijana yule kwenye riba kwa mkono wake. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba mwenye uwezo kuchelewesha haki ya mtu ni dhulma. Hatuwezi kuililia dhulma ya programu tukaifumbia macho hii ya dukani kwetu.

Na upande wa pili upo. Qardh hasan imekuwa adimu visiwani kwa sababu wapo waliokopeshwa kwa wema wakazima simu. Mtu akishadhulumiwa mara mbili, wa tatu mwenye shida ya kweli hapati. Kila asiyelipa mkopo mwema anawafungia wenzake mlango wa halali.

Kwa aliyekwisha ingia, tunasema haya. Rasilimali aliyopokea ni deni, ailipe hata kama mkopeshaji hana leseni. Riba haikuwa haki ya mkopeshaji. Akiweza kuiepuka bila ya kujiletea madhara makubwa zaidi, aiepuke. Akilazimishwa, alipe huku amechukia, atubie, na asirudi. Asikope programu ya pili kulipa ya kwanza, maana hapo ndipo watu wanapozama. Amwambie mume, mke au mzee anayemuamini kabla ya ujumbe kumtangulia. Anayedai kwamba ana dharura aipeleke hali yake kwa mwanachuoni amsikilize, asijipimie mwenyewe.

Kwa jamii, yapo tunayoyaweza. Msikiti unaweza kuwa na mfuko mdogo wa qardh hasan, wenye daftari, mashahidi na tarehe ya kurejesha, kama aya ya 282 ya Suratul Baqara ilivyotuamrisha kuandika madeni. Upatu wa akina mama ambao kila mmoja anapokea alichotoa hauna riba na tunaujua tangu kwa bibi zetu. Rehani ya kidani au bangili inafaa, maadamu mkopeshaji hanufaiki nayo. Na mwenye zaka akumbuke kwamba wenye madeni wametajwa kwa jina miongoni mwa wanaostahiki.

Tunamuomba Allah awatoshe wenye shida kwa halali Yake, awaondoshee wadaiwa uzito wa madeni yao, na atulinde tusidhulumu wala tusidhulumiwe. Aamiin.

Wallahu a'lam.