Ripoti ya nyumba ya mnada: mwenye nyumba naye apewe nakala

Leo madesa nimeyaweka pembeni. Sisi tunaosoma uthamini tukisema tunakwenda fildi, watu wanadhani ni kupima viwanja tu. Kumbe kuna kazi nyingine haipendezi hata kidogo: kukagua nyumba ya mtu aliyeshindwa kulipa mkopo, kabla benki haijaipiga mnada. Likizo iliyopita nimezunguka na wathamini kwenye kazi hizo, na hoja yangu ni moja tu: mwenye nyumba apewe nakala ya ripoti ya ukaguzi kabla ya siku ya mnada.

Kwanza mjue kazi yenyewe ilivyo. Unatakiwa uingie chumba kwa chumba. Unaangalia nyufa, dari, paa kama linavuja, maji, umeme, madirisha, choo, ukuta wa nje. Unapiga picha. Unauliza anayeishi humo ni mwenyewe au mpangaji. Halafu unaandika namba mbili: thamani ya soko, na thamani ya kuuza kwa kulazimika, ambayo huwa ya chini. Hiyo ya pili ndiyo inayotazamwa sana mambo yakifika kwa dalali.

Sasa hivi jamani, nani atakufungulia mlango kwa furaha ukisema umetumwa na benki? Mama anakujibu dirishani kwamba baba hayupo. Mbwa anabweka. Basi wengine wanamalizia kazi getini, picha mbili za mbele, wanarudi ofisini. Ya ndani wanakisia, na mtu anayekisia huku anaogopa lawama ataona heri aandike kidogo. Kushindwa kuingia si dhambi. Dhambi ni kuandika "hali ya ndani ni duni" kana kwamba uliingia.

Na maneno hayo si madogo. Kifungu cha 133 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 kinaidai benki itafute bei nzuri kadiri inavyowezekana wakati wa kuuza. Ikiuza kwa bei iliyo chini kwa asilimia 25 au zaidi ukilinganisha na wastani wa mali zinazofanana sokoni, inahesabiwa kuwa imevunja wajibu wake, mpaka yenyewe ithibitishe vinginevyo. Ulinzi mzuri kabisa huo, kwenye karatasi.

Tuseme nyumba za aina yako mtaani zinauzwa milioni 80. Yako imekwenda kwa 60, asilimia 25 hiyo tayari. Unalalamika. Benki inatoa ripoti: nyumba ilikuwa mbovu, haifanani na za jirani. Utabisha na nini? Ripoti hujawahi kuiona, na nyumba ameshaingia mtu mwingine, ameshaziba nyufa na kupiga rangi. Kama deni lilikuwa milioni 70, bado unadaiwa 10 na nyumba huna. Watoto wanahama na magodoro kwa sababu ya mstari ulioandikwa na mtu aliyesimama getini.

Wenzetu Kenya, kifungu cha 97 cha Sheria yao ya Ardhi ya 2012 kinaitaka benki ihakikishe uthamini wa mauzo ya kulazimika umefanyika kabla ya kuuza. Vizuri. Ila uthamini ambao mwenye nyumba hauoni unamsaidia nusu tu.

Najua nitajibiwa: ripoti ni ya aliyeilipia, yaani benki. Sawa, lakini gharama za kuuza si hukatwa kwenye pesa za mauzo kwanza, ndipo mkopaji abakiziwe chochote? Kwa hiyo mwisho wa siku nani kalipa?

Wengine watasema ukimpa nakala atang'oa milango na masinki kwa hasira. Ni kweli wapo wanaong'oa hadi mabati. Lakini huyo atang'oa tu, umpe nakala usimpe. Na ripoti yenye picha na tarehe ndiyo itakayomuumbua. Kumbe inamlinda hata benki.

Ningependa ukurasa wa kwanza wa kila ripoti useme: tarehe na saa ya ukaguzi, niliingia au sikuingia, nani alinifungulia. Na mwishoni iachwe nafasi, mwenye nyumba aandike anapopinga. Karatasi moja tu! Tangu Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016 tuna bodi inayosimamia fani hii. Ingeanza na hilo.

Na nyie mnaosoma nami, kesho mtasajiliwa na mtakuwa na mihuri yenu. Mkikuta geti limefungwa, andikeni kwamba limefungwa.