Batri Haifi Siku Moja

Mwezi huu tuzungumze juu ya kitu ambacho watu wanakikumbuka tu siku kinakataa kazi: batri ya gari.

Wewe unayeishi Kamituga, Lugushwa ao Misisi, unajua gari ni nini kwa jamaa. Ni gari inayopeleka mihogo sokoni. Ni gari inayorudisha maiti nyumbani. Ni gari inayobeba mama mwenye uchungu wa kuzaa, usiku, toka Makobola mpaka hospitali ya Uvira. Ile saa, kama shofere anageuza ufunguo na hakuna sauti isipokuwa "tk, tk, tk", si wakati wa kuulizana nani alipaswa kuangalia batri.

Watu wanasema: "Batri imekufa jana." Hapana! Batri haifi siku moja. Ilianza kufa miezi mingi mbele, na ilikuwa inatuonyesha alama.

BATRI NI NINI?

Mfaransa mmoja, Gaston Planté, alitengeneza batri ya kwanza ya namna hii mwaka 1859, na hata leo batri nyingi za magari zinafuata kanuni ile. Ndani mna vyumba 6. Katika kila chumba mna vibao vya risasi (kile chuma kizito na laini) vinavyosimama ndani ya maji yenye asidi. Kila chumba kinatoa volti 2 na kidogo; vyote pamoja ni volti 12 na zaidi.

Ukitumia nguvu ya batri, vibao vinafunikwa na unga mweupe. Ukiirudishia nguvu mapema, ule unga unayeyuka. Lakini ukiiacha tupu majuma mengi, unga unakuwa mgumu kama jiwe na hautoki tena. Ndicho kifo chenyewe.

VITU VINAVYOUA BATRI KWETU

1. Joto. Ulaya watu wanalalamikia baridi. Sisi wa Uvira, kando ya ziwa, mita 770 hivi juu ya bahari, adui wetu ni joto. Linapunguza maji ya batri na kuharibu vibao. Gari inayofanya kazi Bukavu, kwenye mita 1.500 hivi, haipati mateso hayo. Tafuta kivuli unaposimamisha gari.

2. Safari fupi. Kuwasha motere kunakula nguvu nyingi sana kwa sekunde chache. Alternateri ndiyo inayoirudisha, lakini inataka muda. Ukitembea toka Kalundu mpaka Mulongwe, unazima, unawasha, unazima tena, na redio inapiga njia yote, unatoa kuliko unavyoweka.

3. Muziki na taa. Hapa vijana wa kwaya wasikilize vizuri. Umeme ukikatika, tunafungua batri ya gari na kuifunga kwenye vyombo vya kwaya. Tupige hesabu. Vyombo vya wati 200 vinavuta karibu ampere 17. Batri ya ampere 60 kwa saa itakuwa karibu tupu kiisha saa 3 za ibada. Taa kubwa mbili za mbele, za wati 55 kila moja, zikisahauliwa zinaimaliza kwa saa 6 hivi, na mbele ya hapo tayari gari haitawaka. Batri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi. Haikutengenezwa kumalizwa kila Jumapili. Kanisa linunue batri ya plake ya jua kwa kazi ya vyombo, na ile ya gari ibaki ndani ya gari.

4. Kulala bila kazi. Gari inayongoja matope yakauke kwa mwezi mzima inapoteza nguvu hata kama imezimwa. Kama itasimama siku nyingi, toa kwanza waya wa kutoa (−). Na kila majuma mawili, urudishe waya, kisha uiwashe na kuitembeza.

5. Maji ya ziwa. Wengine wanajaza batri na maji ya Tanganyika, kwa sababu ni meupe na hayana gharama. Ni meupe, ndiyo, lakini yana chumvi za madini, na zile zinaharibu vibao. Tumia maji safi ya batri yanayouzwa ndani ya chupa, yale yasiyo na asidi. Usiongeze asidi: ndani ya batri maji ndiyo yanayopungua, asidi inabaki.

GARI IMEKATAA. UFANYE NINI?

Kwanza usikimbilie kununua. Washa taa, kisha ujaribu kuwasha motere. Kama taa zinafifia ao zinazimika kabisa, batri imechoka, ao waya zake hazishikani vizuri. Kama taa zinabaki na nguvu, tafuta shida kwenye demareri.

Angalia vichwa vya batri. Ukiona unga mweupe ao wa kijani, toa waya, ukianza na ule wa kutoa (−). Safisha kwa maji ya moto yenye bikarbonati, kausha, kaza, paka grisi kidogo. Mara nyingi gari inawaka pale pale, na umeokoa dola nyingi.

Kama unaomba nguvu kwa gari ingine, zote ziwe za volti 12. Malori makubwa mengi ni ya volti 24. Usiyafunge na gari ndogo. Zima magari yote mawili, na yasigusane. Fuata mpango huu: waya mwekundu kwenye kujumlisha (+) ya batri iliyokufa, kisha kwenye kujumlisha (+) ya batri nzima. Waya mweusi kwenye kutoa (−) ya batri nzima, na mwisho wake kwenye chuma kitupu cha motere ya gari iliyokufa, mbali na batri. Washa gari nzima, ngoja dakika 5, jaribu ile ingine. Kuondoa waya, anza na ulioweka mwisho. Hakuna sigara, hakuna kibiriti, maana batri inatoa hewa inayoweza kulipuka.

Kusukuma kunawezekana kwa gari ya vitesi vya mkono: weka kontakti, vitesi vya pili, kanyaga ambreaji, na gari ikishika mwendo uiachilie. Gari ya otomatiki haisukumwi. Kwenye mteremko, fahamu ya kwamba frein ni nzito motere ikiwa imezimwa.

Ikisha kuwaka, usiizime haraka. Kama fundi ana chombo cha kupima, asubuhi, motere ikiwa imelala, volti 12,6 ni batri iliyojaa. 12,2 ni nusu. Chini ya 12 ni tupu. Motere ikizunguka, apate kati ya 13,8 na 14,5. Kama inabaki 12, usinunue batri mpya: tazama mkanda na alternateri.

WATOTO WETU

Asidi ikimwagika machoni, osha kwa maji mengi dakika 20, kisha hospitali. Tena, batri iliyokufa isivunjwe nyumbani, na risasi yake isiyeyushwe kwenye jiko ili kutengeneza vizito vya nyavu. Moshi na vumbi lake vinaingia ndani ya damu ya mtoto na kuharibu akili yake. Huko Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha batri kuukuu kiliwagonjwesha wakaaji mpaka kikafungwa mwaka 2014. Phyllis Omido, mama aliyefanya kazi mule na ambaye mtoto wake aligonjwa, aliongoza wengine kudai haki. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1,3, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ikathibitisha. Lakini pesa haiondoi risasi katika mifupa ya mtoto. Rudisha batri kuukuu kwa muuzaji ao fundi anayezikusanya.

NENO LA MWISHO

Mithali sura ya 27 inamfundisha mfugaji ajue vizuri hali ya wanyama wake. Haisemi angoje mpaka waanguke. Gari ya kanisa ni ya wote, na kitu cha wote mara nyingi hakina wa kukitunza. Kamati ichague kijana mmoja, jina lake liandikwe, na kila Jumamosi atumie dakika 10: maji, vichwa, waya, mkanda. Dakika zile 10 ni huduma kama kuimba ao kuhubiri, kwa maana mama wa Makobola anazitegemea bila kujua.

Maswali ya kuzungumza katika jamaa:

1. Nani anatunza vitu vya wote katika kanisa letu? Jina lake tunalijua?
2. Ni kitu gani kingine nyumbani kinachokufa polepole, na alama zake tunaziona?
3. Batri kuukuu ziko wapi hapa kwetu, na watoto wanachezea wapi?