Mpira Mdogo, Hasara Kubwa

Katika wilaya za Tarime na Serengeti yangaliko magari ya petroli ya zamani, hasa Land Rover, ambayo umri wake unakaribia au umepita miaka 40. Mara nyingi mtu akifunua boneti la gari la namna hiyo hukuta mpira mwembamba utokao kwenye kabureta umekatwa, na tundu lake limezibwa kwa skrubu au kijiti. Ukimwuliza fundi sababu, hujibu: "Mwalimu, huo hauna kazi. Gari linawaka bila huo."

Ni kweli, gari linawaka. Lakini kuwaka ni jambo moja, na kwenda ipasavyo ni jambo jingine.

Pistoni inaposhuka huvuta hewa kupitia kabureta. Dereva akikanyaga mafuta kidogo tu, kilango cha kabureta huwa karibu kimefungwa, na nyuma yake huzuka upungufu wa hewa, yaani ombwe. Wakati huo mchanganyiko wa hewa na petroli ndani ya silinda ni mwepesi, nao huungua polepole. Kwa hiyo cheche ya plagi haina budi kutangulia zaidi. Mpira ule mwembamba hupeleka ombwe hadi kwenye kiwambo kilichopo ubavuni mwa distribyuta, nacho huvuta na kuiwahisha cheche. Mpira ukizibwa, cheche huchelewa, injini hupata joto, na petroli hupotea bure.

Mpira mnene una jukumu zito zaidi. Katika magari yenye busta ya breki, mpira huo hutoka kwenye manifoldi na kulisaidia guu la dereva. Ukipasuka, hewa huingia pasipotakiwa, injini hutetemeka gari likiwa limesimama, na pedali ya breki huwa ngumu. Baadhi ya mafundi huficha mtetemeko huo kwa kuongeza petroli kwenye kabureta. Hapo ugonjwa haujatibiwa; mgonjwa amenyamazishwa tu.

Huku kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na miinuko ya Tarime iko juu zaidi. Kwenye mita 1,500 kanieneo ya hewa hupungua kwa takriban sehemu moja ya sita ikilinganishwa na pwani. Basi nguvu ambayo busta yaweza kutoa nayo hupungua hata mipira ikiwa mizima. Uvujaji unaovumilika Dar es Salaam waweza kuwa msiba kwenye mteremko wenye gari lililojaa abiria.

Kosa hili si la fundi peke yake. Wanafunzi wetu wa sekondari hukariri habari za Otto von Guericke wa Magdeburg, ambaye katika karne ya 17 aliunganisha vibakuli viwili vya shaba, akaondoa hewa ndani yake, na farasi wakashindwa kuvitenganisha. Hukariri kwa Kiingereza, wakafaulu mtihani, wasijue kwamba nguvu ile ile imo garini mwa baba zao. Fundi naye anaishika nguvu hiyo kila siku, lakini kitabu cha gari kimeandikwa kwa lugha asiyofundishiwa shule ya msingi. Mmoja ana jina bila kitu, mwingine ana kitu bila jina.

Wako watakaosema kwamba kabureta zinatoweka. Ni kweli, lakini magari mengi mapya ya petroli nayo hutegemea ombwe kwa breki zake, na tabia ya kuziba kisichoeleweka haitatoweka pamoja na kabureta.

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, vyuo vya ufundi vitoe michoro ya mipira ya kila aina ya gari kwa Kiswahili, ibandikwe katika gereji kuanzia Sirari hadi Mugumu. Pili, walimu wa fizikia wawapeleke wanafunzi gereji walau siku moja kila muhula.

Nawe mwenye gari, jaribu hili leo. Zima injini, kanyaga breki mara kadhaa, kisha ukiwa umeikanyaga washa injini. Katika gari lenye busta pedali ikishuka kidogo, ombwe linafika. Isiposhuka, usianze safari.