Ruzuku ya Mbolea Izae Zaidi: Nafasi ya Mboji katika Mashamba ya Ufipa

Serikali ya Awamu ya Sita ilizindua mpango wa mbolea ya ruzuku tarehe 8 Agosti, 2022, katika kilele cha maadhimisho ya Nane Nane jijini Mbeya. Wakati huo bei ya mbolea duniani ilikuwa imepaa kutokana na athari za UVIKO-19 na vita vya Ukraine. Mkulima wa Rukwa, ambaye shamba lake liko zaidi ya kilometa 1,100 kutoka Bandari ya Dar es Salaam, aliweza tena kununua mfuko wa kilo 50 wa DAP kwa takriban shilingi 70,000. Kwa mkoa ambao ni miongoni mwa maghala ya mahindi ya taifa, hatua hiyo ilikuwa ya lazima.

Hata hivyo, mbolea hufanya kazi kulingana na udongo inaoukuta. Udongo wa Uwanda wa Juu wa Ufipa, kwa sehemu kubwa, ni mkongwe, umechujwa na mvua za miaka mingi na una tindikali. Mboji inapopungua, udongo hushindwa kushika maji na virutubisho, na sehemu ya mbolea aliyoilipia mkulima husombwa na mvua za Desemba na Januari kabla mahindi hayajaitumia. Matumizi ya muda mrefu ya Urea na DAP bila kurejesha mabaki shambani huongeza tindikali hiyo. Kwa hiyo suala la mboji ni suala la fedha: linahusu thamani ya kila shilingi ya ruzuku inayofika Sumbawanga, Kalambo na Nkasi.

Wafipa hawakusubiri kufundishwa jambo hili. Kuelekea mwisho wa mvua, nyasi zingali mbichi, wazee walizikwatua kwa jembe la mkono na kuzifukia chini ya matuta makubwa ya mviringo yanayojulikana kama ntumba. Juu yake walipanda maharage. Nyasi zilioza ndani ya tuta, na mvua za msimu uliofuata zilipoanza, tuta lilibomolewa, udongo ukatandazwa na ulezi ukapandwa. Katika nchi yenye nyasi nyingi na miti michache, hiyo ilikuwa mboji iliyotengenezwa palepale shambani, isiyohitaji kubebwa. Wamatengo wa Mbinga nao, katika milima yao yenye miteremko mikali, walibuni ngoro kwa hekima inayokaribiana na hiyo.

Mahindi na plau ya kukokotwa na ng'ombe vilibadilisha mambo. Katika miaka ya 1970 Serikali iliweka bei moja ya mazao kwa nchi nzima pamoja na ruzuku ya pembejeo, na mikoa ya pembezoni kama Rukwa ikapata sababu ya kulima mahindi kwa wingi. Mageuzi ya uchumi yalipoondoa bei hiyo na ruzuku hiyo kufikia miaka ya mwanzo ya 1990, mkulima alibaki na zao linalodai virutubisho vingi, huku mbolea ikiwa imempanda bei. Ntumba nyingi zilikuwa tayari zimesawazishwa na plau. Si haki kumlaumu mkulima kwa hilo. Kazi ya ntumba ni nzito mno, na ekari anazolima leo ni nyingi kuliko alizolima babu yake.

Njia iliyo karibu zaidi na uwezo wake leo ni biwi la mboji. Mahitaji yake yapo kijijini: mabua ya mahindi na alizeti, maganda ya maharage, nyasi mbichi, samadi, majivu kidogo na udongo wa juu. Chagua mahali penye kivuli na pasipotuama maji. Tifua ardhi, kisha panga mabua yaliyokatwakatwa kuwa tabaka la kwanza ili hewa ipite. Fuatisha majani mabichi, halafu samadi, halafu udongo kidogo, ukinyunyiza maji kila tabaka. Rudia hadi biwi lifikie kimo cha meta 1.2 hivi, kwa upana wa meta 1.5. Chomeka mti mrefu katikati na ufunike biwi kwa nyasi. Baada ya siku chache mti ukichomolewa uwe wa moto na wenye unyevu. Ukiwa wa baridi na mkavu, biwi linadai maji. Ukinuka uvundo, maji yamezidi na hewa imekosekana. Geuza baada ya wiki tatu, kisha geuza tena.

Miongozo mingi inasema mboji huiva kwa miezi mitatu. Ufipa, kwa baridi ya Juni na Julai, huenda ikachukua muda mrefu zaidi. Ugumu mwingine ni kwamba mabua hupatikana baada ya mavuno, wakati maji ni haba na nyasi zimekauka. Ni busara basi kufuata kalenda ya ntumba: kuhifadhi mabua ya mwaka uliotangulia na kujenga biwi mwezi Machi au Aprili, mvua zikingali zinanyesha. Anayechelewa hadi kiangazi na achimbe shimo, kwa kuwa hutunza unyevu na joto kuliko biwi la juu ya ardhi.

Hesabu nayo isemwe wazi. Mfuko mmoja wa Urea una kilo 23 za naitrojeni. Kuipata yote kutoka kwenye mboji ya kawaida huhitaji tani kadhaa. Anayeahidi kwamba mboji itaondoa mbolea ya viwandani katika kilimo cha mahindi cha Rukwa anapotosha. Lakini ekari moja iliyopandwa kwa nafasi ya sentimeta 75 kwa 60 ina mashimo takriban 9,000. Gramu 200 kwa shimo ni tani 1.8, kiasi kinachoweza kutoka katika mabiwi matatu, na mbolea ya ruzuku itakayowekwa hapo itakuta udongo wenye uwezo wa kuishika.

Kikwazo kikubwa kinabaki kuwa moto na mifugo. Mabua yasiyochomwa huliwa na ng'ombe mara tu baada ya mavuno, na samadi yao huachwa njiani. Hapa sheria ndogo za halmashauri dhidi ya uchomaji ovyo zinahitaji kusimamiwa, na wakulima na wafugaji wanahitaji mapatano ya kubadilishana mabua kwa samadi kabla ya mavuno. Maafisa ugani, waliopatiwa pikipiki na vifaa vya kupima afya ya udongo mwaka 2022, wanaweza kuanza na shamba moja la mfano kwa kila kijiji, lipimwe kabla ya mboji na baada ya misimu miwili. Katika Manispaa ya Sumbawanga, taka za masoko nazo ni malighafi, mradi zitenganishwe na plastiki sokoni kwenyewe, kwa kuwa zikishafika dampo kazi hiyo haifanyiki tena.