Wagonjwa wa kiharusi wasiogope kutaja mitishamba wanayotumia

MGONJWA wa kiharusi anaporuhusiwa kutoka hospitalini, safari ya kutafuta nafuu aghalabu huwa ndiyo kwanza inaanza. Mkono haushiki, mguu haukanyagi, ulimi ni mzito. Wataalamu wa tiba ya viungo wengi wako mijini, na kila ziara huhitaji nauli na mtu wa kumsindikiza. Si ajabu, basi, jamaa kumwita mkandaji, kumchemshia mitishamba au kumpeleka kuumikwa.

Wanaowacheka hukosea. Mkandaji huja nyumbani, humsikiliza mgonjwa na kumpa matumaini. Kliniki yenye foleni ndefu haina wasaa huo.

Hatari kubwa imo katika kimya. Wagonjwa wengi ambao mshipa wao wa ubongo uliziba hupewa aspirini, na baadhi ya wenye mapigo ya moyo yasiyo sawa hupewa warfarini, ili damu isigande. Kitunguu saumu au tangawizi, vikinywewa kwa wingi kama dawa, huweza kuzidisha nguvu ya dawa hizo na mgonjwa akavuja damu. Kuumikwa kwa kuchanjwa nako si mzaha kwa mtu kama huyo. Bega lililopooza likivutwa kwa nguvu huweza kuteguka, na ngozi iliyokufa ganzi huungua kwa maji ya kukandia bila mwenyewe kujua.

Mengi ya madhara haya yangeepukika lau daktari angejua. Hata hivyo, mgonjwa hanyamazi kwa ujinga. Hunyamaza kwa kuhofia kukemewa. Mficha uchi hazai, walinena wahenga, lakini nani atajifichua mbele ya anayemkejeli?

Sheria ya Afya ya 2017 ilitambua tiba asilia na tiba mbadala. Iliagiza kuwepo kwa chombo cha kuzisimamia, pamoja na utaratibu wa waganga kuwaelekeza wagonjwa hospitalini. Utaratibu huo una uzito zaidi siku ya kwanza ya maradhi. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, baada ya picha ya ubongo kuonyesha kuwa hakuna mshipa uliopasuka. Anayepelekwa kwanza kupungwa pepo huikosa fursa hiyo.

Sheria pekee haitavunja kimya. Daktari na muuguzi wamuulize mgonjwa kila ziara, kwa upole, anatumia nini kingine mbali na dawa za hospitali, kisha waliandike jibu. Jamaa nao waipeleke kliniki chupa ya dawa hiyo ikaonwe. Zaidi ya yote, wasimwachishe mgonjwa vidonge vya shinikizo la damu kwa kuwa mguu umeanza kusogea. Shinikizo halipigi hodi, na kiharusi cha pili huweza kuchukua kile ambacho cha kwanza kilisaza.