Tupeni Kalamu, Msituachie Dirisha Tu

Hapa Kakuma nazunguka bloku kwa bloku na daftari: nani kaacha shule, nani anataka kozi ya kushona. Jioni namsomea afisa, yeye anaingiza kwenye Google Sheets. Nikiifungua kwa simu yangu, kwa bando langu, naambiwa: kuangalia tu.

Mwezi uliopita niliona dada mmoja kaandikwa kuwa amehama. Amehama wapi? Asubuhi hiyo tulikunywa chai pamoja! Sikuweza kurekebisha. Nikatuma ujumbe, afisa yuko likizo. Kozi ikaanza bila yeye.

Wanasema tutaharibu. Jamani, programu yenyewe inatunza historia: nani kabadilisha nini, saa ngapi. Kurudisha ya jana ni kubonyeza tu. Wanasema kuna siri. Hapo nakubali: faili la mtu aliyebakwa lisifunguliwe ovyo, hata na maafisa wenyewe. Lakini orodha ya kozi ya kushona ni siri gani, na majina niliyaandika mimi?

Ruhusa ziko tatu: kuangalia, kutoa maoni, kuhariri. Mkiogopa ya tatu, tupeni basi ya pili. Kwenye mikutano mnatuita washirika. Kwenye faili sisi ni watazamaji. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hiki tunakilalia sisi.

Na nyinyi vijana wenzangu, msinyamaze. Ukiona kosa, tuma. Wasipojibu, tuma tena. Yule dada bado anangoja cherehani.