Ukitaka Mji wa Baridi, Anza Kuhama Ungali Kazini



Kila inapokaribia siku ya mwenzetu kutimiza miaka 55, mazungumzo kwenye foleni ya chakula huwa ni yale yale. Mmoja husema atarudi kijijini kwao. Mwingine husema hapana, yeye amechoshwa na joto, anakwenda kumalizia uzee wake mahali penye hewa. Kwa sisi tuliofanya kazi katika tambarare ya Kasese, "mahali penye hewa" maana yake ni Fort Portal. Wenzetu wengine hutaja Kabale.

Napenda kutoa maoni yangu juu ya jambo hili kwa sababu mimi mwenyewe nimelifanya. Niliingia kiwandani mwaka 1993 nikiwa kijana wa miaka 25, nikastaafu mwaka 2023. Kwa miaka hiyo thelathini nilisimama karibu na mashine zenye moto, na nikitoka nje napokewa na jua. Leo naandika nikiwa Fort Portal, nimevaa sweta, na asubuhi hii ukungu umefunika mlima. Sijutii kuhama. Lakini najua wenzangu waliojuta, na sababu ya majuto yao haikuwa baridi. Sababu ilikuwa kwamba walianza kuhama siku waliyolipwa.

Kwanza niwajibu wale wanaocheka. Husemwa kwamba mfanyakazi hana haki ya kuchagua hewa, hayo ni mambo ya wakubwa. Mfanyakazi akichoka arudi alikotoka. Mimi kwetu ni upande wa Tororo. Shamba la marehemu baba tulizaliwa juu yake watoto saba, na kila mmoja ana watoto wake. Nikirudi huko na mabegi yangu, namrudia nani? Ndugu yangu mdogo aliyebaki akilima wakati mimi napokea mshahara, nimwambie asogee? Mgodi wa shaba wa Kilembe ulipoacha kuchimba mwanzoni mwa miaka ya 1980, walikuwapo wafanyakazi kutoka kila pembe ambao walilazimika kujiuliza swali hilo hilo: kwetu ni wapi sasa? Mtu aliyetoa nguvu zake zote kiwandani au shambani ana haki ya kuchagua mahali pa kuzeekea. Hiyo si anasa.

Tena kuna sababu za kuondoka bondeni zaidi ya joto. Tuliokuwapo mwezi Mei 2020 tuliona mto Nyamwamba ulivyofurika na kuibomoa hospitali ya Kilembe, hospitali ambayo wengi wetu tuliitegemea. Mtu anayeingia uzeeni lazima aangalie hospitali iko wapi. Fort Portal ina hospitali ya rufaa ya Buhinga, na ipo ya Virika. Hilo nililihesabu kabla sijahesabu ubaridi.

Sasa tuuseme ukweli kuhusu huo ubaridi. Kasese iko kwenye kimo cha kama mita 1,000 juu ya bahari, na Fort Portal kama mita 1,500. Kwa kawaida, kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi sita hivi. Basi tofauti yetu ni kama nyuzi tatu tu. Mwili unaziona, na usiku unaziona zaidi. Unalala ukaamka bila shuka kuloa jasho. Lakini nyuzi tatu hazimgeuzi mzee kuwa kijana. Mimi nina shinikizo la damu. Nilikuja nikiamini hewa ya huku itanitibu. Muuguzi wa kliniki aliniambia, "Mzee, baridi haitibu presha. Mara nyingine baridi ndiyo inayoipandisha. Meza dawa zako, vaa vizuri." Na mbu wapo. Anayetupa chandarua kwa kuwa amehamia mlimani atakirudia akiwa na homa.

Waulizeni pia wenzetu wa mashamba ya chai. Jirani yangu hapa ni mama aliyechuma chai kwa zaidi ya miaka ishirini. Nilipomsifia hewa ya kwao alicheka sana. "Baba," akaniambia, "mimi magoti yangu yameharibiwa na umande. Saa moja asubuhi uko katikati ya chai, sketi imelowa mpaka kiunoni. Nikipata pesa nahamia kwenu Kasese nikaote jua." Tangu siku hiyo nimeacha kuuita mji wa baridi pepo. Kila mmoja wetu anakimbia kile kilichomuumiza kazini.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Akiba yetu ya NSSF hulipwa kwa mkupuo. Mfanyakazi ameweka asilimia 5 ya mshahara wake, mwajiri ameweka asilimia 10, na mtu akifika miaka 55 anachukua yote na faida yake kwa mara moja. Hatupati pensheni ya kila mwezi kama mtumishi wa serikali. Kwa maneno mengine, siku moja mfanyakazi ambaye hajawahi kushika fedha nyingi hushika fedha nyingi, na watu wote wanajua. Dalali anajua, shemeji anajua, fundi anajua.

Rafiki yangu mmoja, ambaye tulikuwa naye zamu moja, alistaafu kabla yangu. Wiki ile ile aliyolipwa alipanda teksi kwenda Fort Portal kutafuta nyumba. Alikuwa hamjui mtu hata mmoja. Dalali alimwonyesha nyumba nzuri yenye migomba nyuma na maji karibu, na bei ya kushangaza. Akaambiwa wapo wanunuzi wengine wawili, afanye haraka. Alilipa kabla jua halijazama, mwenyekiti wa mtaa akatia sahihi, wakapeana mikono. Baada ya miezi miwili akatokea mke wa muuzaji na watoto wanne. Mama yule hakuwa ameulizwa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 hairuhusu ardhi ambayo familia inakaa juu yake iuzwe bila ridhaa ya mke au mume. Haki ilikuwa ya yule mama, na rafiki yangu mwenyewe alikiri hivyo. Lakini muuzaji alikuwa amekwisha kuzila fedha. Mtu aliyefanya kazi maisha yake yote akarudi Kasese kupanga chumba kimoja, kwenye joto lile lile alilolikimbia.

Hakuwa mjinga. Alikuwa na haraka, na haraka ile ilitokana na kuanza siku ya mwisho.

Mimi nilianza mwaka 2014, nikiwa na miaka 46. Sikuwa na akili kumzidi. Nilikuwa na bahati ya kutokuwa na fedha. Kutoka Kasese hadi Fort Portal ni kilomita kama 75. Kila likizo, badala ya kukaa nyumbani, nilikwenda kulala huko usiku mbili tatu kwenye chumba cha kupanga. Nilikwenda wakati wa kiangazi na wakati wa mvua, maana mji wenye sura nzuri mwezi Januari unaweza kuwa matope mwezi Aprili. Kiwanja nilichokinunua nilikichunguza mwaka mzima. Niliwauliza majirani wa pande zote nne. Niliomba kumwona mke wa muuzaji, akakubali mbele ya mashahidi na kutia sahihi yake. Nikapanda mikaratusi michache mpakani na migomba, nikamlipa kijana wa jirani aitunze. Matofali niliyanunua kidogo kidogo kutoka kwenye mshahara.

Mwaka 2022 sheria ya NSSF ilibadilishwa, na mwanachama aliyefikisha miaka 45 akiwa ameweka akiba kwa miaka kumi akaruhusiwa kuchukua hadi asilimia 20. Nilikuwa na miaka 54. Wenzangu wengine walinunua pikipiki, wengine walifanya sherehe. Siwalaumu, kila mtu ana haja zake. Mimi nilinunua mabati. Basi mwaka uliofuata, mkupuo ulipokuja, haukunikuta natafuta nyumba. Sikuwa na la kumjibu dalali.

Liko faida jingine ambalo sikulitegemea. Hapa Toro watu huitana kwa empaako, jina la heshima na mapenzi ambalo kila mtu hupewa. Siku za mwanzo watu walikuwa wakiniuliza empaako yangu, nami sina, tunabaki tunatazamana. Likizo ya tatu au ya nne, mzee wa jirani alisema haiwezekani mtu anapanda migomba kwao hana jina la kuitwa. Wakanipa Araali. Nilipohamia kabisa, sikuhamia kwa wageni. Usiku mmoja presha iliponipanda, aliyenibeba kwenye pikipiki yake kwenda Buhinga ni yule kijana aliyekuwa akinitunzia migomba. Mstaafu anayekuja na fedha peke yake hununua nyumba. Jirani hanunuliwi, hujengwa polepole kama matofali yale.

Lakini kosa langu nalo nilitaje, lisije likarudiwa. Katika miaka hiyo yote tisa nilikuwa nikiamua peke yangu. Mke wangu anauza samaki sokoni Kasese. Ana wateja wake, ana kikundi chake cha kuwekeza, ana marafiki wa miaka ishirini. Nilipomwambia nyumba iko tayari aliniuliza, "Wewe unafuata hewa. Mimi nafuata nini?" Sikuwa na jibu. Mwaka wa kwanza niliishi peke yangu katika nyumba niliyoijenga kwa ajili ya watu wawili, nikijipikia viazi. Sasa anakuja nusu ya mwezi na kurudi nusu ya mwezi, na ameanza kuleta samaki wake kuuza huku. Tumesikilizana. Lakini kama ningemchukua tangu likizo ile ya kwanza, labda hata kiwanja angekichagua yeye, karibu na soko. Mfanyakazi anayejua kudai kushauriwa na mwajiri wake ajue pia kumshauri mwenzake wa nyumbani.

La mwisho linawahusu viongozi wa chama. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi aliyeajiriwa zaidi ya kilomita 100 kutoka kwao haki ya kurudishwa kwa gharama ya mwajiri kazi inapokwisha. Na aliyetimiza miaka kumi kazini hurudishwa bila kujali aliajiriwa wapi. Ni haki nzuri, na waliotutangulia waliipigania. Lakini imeandikwa kana kwamba kila mfanyakazi ana kwao kumoja tu na anataka kurudi huko. Nilipostaafu niliomba mwajiri asafirishe mizigo yangu mpaka Fort Portal. Safari ya Tororo ni zaidi ya kilomita mia tano, ya Fort Portal haifiki hata mia moja. Nilijibiwa: kwenu ni Tororo, chukua lori la Tororo au uache. Nikaacha. Mwajiri akaokoa fedha zake, nami nikalipa lori mwenyewe.

Napendekeza basi kwamba katika mkataba wa pamoja ujao tudai mambo matatu. Kwanza, mstaafu asafirishwe mpaka mahali atakapochagua kukaa, ilimradi gharama isizidi ile ya kumpeleka kwao. Kifungu hicho hakimwongezei mwajiri hata senti moja. Atapata shida kutueleza kwa nini anakikataa. Pili, kila mfanyakazi anayefika miaka 50 apewe siku chache za likizo kila mwaka, mbali na likizo yake ya kawaida, za kutayarisha makazi yake. Tatu, tawi letu liwe na kamati ndogo ya wanachama wanaojua mambo ya ardhi, imsindikize mstaafu kwenda kuona kiwanja kabla hajatoa fedha. Rafiki yangu alikwenda peke yake kwa dalali. Miaka thelathini tulikuwa tukimwambia umoja ni nguvu, na siku aliyouhitaji zaidi tulimwacha aende peke yake.

Ndugu yangu wa miaka 45 unayesoma haya wakati wa mapumziko, usiseme bado mapema. Likizo yako ijayo panda teksi, nenda kwenye mji unaoutamani, na umchukue mwenzako. Kalale huko mvua ikinyesha. Halafu rudi kazini Jumatatu. Hapo utakuwa umekwisha kuanza kuhama.